Picha za Wadudu Zisifungiwe, Zipewe Maelezo

Mwezi Juni 2025, iNaturalist, jukwaa ambalo watu wa kawaida na wataalamu hupakia picha za viumbe na kusaidiana kuvitambua, lilitangaza kuwa limepokea ruzuku ya dola milioni 1.5 kutoka Google.org, kitengo cha misaada cha kampuni ya Google. Fedha hizo zilikuwa za kujaribu akili mnemba itakayoeleza kwa maneno kwa nini kiumbe fulani kinadhaniwa kuwa spishi hii na si ile. Wachangiaji wengi walikasirika. Watu waliotumia miaka mingi kupiga picha za viwavi, vidukari na mbawakawa na kuzitoa bure walitishia kuziondoa, na baadhi wakafunga akaunti zao kweli. Jukwaa likalazimika kufafanua kwamba ruzuku ile haikuwa mauzo ya data za watumiaji. Hasira ilipoa kidogo, lakini iliacha wazo linalozidi kuenea miongoni mwa wapiga picha, walimu wa kilimo na hata watafiti: kwamba njia salama sasa ni kuzifungia picha.

Naielewa hasira hiyo, ila naamini imelenga pasipo mahali pake. Mjadala umekuwa ukizunguka swali la nani anazichukua picha zetu. Swali lenye uzito zaidi ni kwamba picha ya mdudu inapotoka mikononi mwa aliyeipiga, inaondoka na nini? Ikiondoka na tarehe, mahali, mmea ambao mdudu alikutwa juu yake, jina la mpiga picha na jina la aliyethibitisha spishi, itaendelea kufundisha hata ikipita mikono mia moja. Ikiondoka tupu, haimfai mwanafunzi wala mtafiti, na mashine iliyofunzwa kwayo itakosea. Kuzifungia picha kutawaumiza maofisa ugani, wanafunzi na watafiti wasio na bajeti muda mrefu kabla ya kampuni yoyote kubwa kuhisi chochote. Zinatakiwa zifunguliwe, na zikifunguliwa zisiachanishwe na maelezo yake.

Kwanza tukumbuke hali ilivyokuwa picha zilipokuwa adimu. Mwaka 2002, karibu na mji wa Detroit nchini Marekani, miti ya jenasi Fraxinus ilikuwa ikifa, na kwa muda ugonjwa ndio uliokuwa ukilaumiwa. Walipopatikana mbawakawa wadogo wa kijani kinachometa chini ya magome, hakupatikana mtu papo hapo wa kuwataja kwa jina. Sampuli zilitumwa hadi Slovakia kwa mtaalamu wa kundi hilo, Eduard Jendek, naye ndiye aliyewatambua kuwa Agrilus planipennis, mdudu wa Asia ya Mashariki. Uchunguzi wa baadaye wa pete za miti ulionyesha kwamba alikuwa ameshajikita pale tangu miaka ya 1990. Katika muda ule wote wa kutojulikana alikuwa akizaana na kusafiri ndani ya kuni na miche, na tangu hapo ameua miti kwa makumi ya mamilioni. Sisemi kwamba picha moja mtandaoni ingemzuia. Ila mdudu asiye na picha inayofikika hubaki bila jina machoni pa mtu wa kwanza kumwona, na mtu huyo wa kwanza mara nyingi si mtaalamu.

Miaka sita baadaye, mwezi Agosti 2008, mkazi mmoja wa Worcester, Massachusetts, aliona mbawakawa wakubwa weusi wenye madoa meupe na vipapasio virefu kwenye miti ya nyumbani kwake. Alitafuta mtandaoni, akalinganisha na picha alizozikuta, kisha akawaarifu wahusika. Alikuwa Anoplophora glabripennis, mdudu anayetoboa mashina ya miti hai. Hapo napo mdudu alikuwa amejificha kwa miaka kadhaa, na zaidi ya miti 30,000 ilikatwa katika kumdhibiti. Chicago mambo yalikuwa yameanza vivyo hivyo mwaka 1998: raia wa kawaida, mdudu asiyemfahamu, na picha mtandaoni iliyompa pa kuanzia. Huko mapambano yalifanikiwa, na mwaka 2008 mdudu huyo akatangazwa kuwa ametokomezwa. Picha zilizowasaidia watu hawa hazikuwa za sanaa. Zilikuwa picha za kazi, zilizowekwa wazi na taasisi za umma, zikiwa na jina la mdudu chini yake.

Utamaduni huo wa picha za kazi una mizizi yake. Chuo Kikuu cha Georgia kimeendesha mradi wa Bugwood tangu miaka ya 1990, ukikusanya picha za wadudu, magonjwa na magugu kutoka kwa watafiti, na kila picha inaambatana na jina la aliyeipiga pamoja na taasisi yake. Kumbukumbu za viumbe kutoka vyanzo vingi vya dunia huunganishwa na GBIF, mtandao ulioanzishwa mwaka 2001 wenye makao yake Copenhagen. iNaturalist yenyewe, iliyoanza mwaka 2008 kama kazi ya wanafunzi wa shahada ya uzamili huko Berkeley, sasa ina kumbukumbu zaidi ya milioni 200. Wengi husahau sharti lake moja: kumbukumbu haipandishwi kwenye daraja la utafiti bila tarehe, mahali, ushahidi wa picha au sauti, na zaidi ya theluthi mbili ya watambuzi kukubaliana. Mtu aweza kuleta picha kali kuliko zote za mdudu adimu kuliko wote. Kama hakusema ameiona wapi na lini, hapandi daraja.

Hakuna mfano unaoonyesha nguvu ya picha na kikomo chake kwa pamoja kama ule wa Malaysia. Mpiga picha Hock Ping Guek alimpiga msituni mdudu wa kijani mwenye mabawa membamba kama kioo, yenye mtandao wa mistari myeusi na doa la buluu karibu na maungio, kisha mdudu akaruka akaenda zake. Mwaka 2011 picha ilikuwa kwenye Flickr, na huko ikamkuta Shaun Winterton, mtaalamu wa wadudu aliyekuwa akifanya kazi California, ambaye alitambua kwamba ule mpangilio wa mistari hakuwahi kuuona. Aliwaonyesha wenzake, nao hawakuujua. Winterton hakukimbilia kutangaza spishi mpya. Alimweleza Guek kwamba bila mdudu mwenyewe mkononi hakuna kinachoweza kuthibitishwa. Guek alirudi palepale na baadaye akampata mwingine. Sampuli ikafika London kwa Steve Brooks wa jumba la makumbusho ya historia asilia, aliyethibitisha kuwa ni mpya, na akagundua kwamba makumbusho yalikuwa na sampuli nyingine inayofanana nayo, imekaa miongo kadhaa bila kuainishwa. Mwaka 2012 spishi hiyo ikapewa jina Semachrysa jade, na Guek akawa mmoja wa waandishi wa makala ya kisayansi iliyomtambulisha mdudu huyo.

Tuangalie kila mtu alichochangia hapo. Picha ilileta swali ambalo hakuna aliyejua kuliuliza. Mpiga picha alikumbuka mahali, ndiyo maana aliweza kurudi. Mtaalamu alijua picha inaishia wapi. Makumbusho yalikuwa na kitu cha kulinganishia. Na jina la mpiga picha halikupotea njiani. Kama Guek angekuwa ameifungia picha yake kwa hofu ya kuibiwa, sampuli ya London huenda ingekuwa bado iko kwenye droo yake, na hakuna ambaye angejua kuna kilichokosekana.

Miaka mitatu baadaye jambo hilohilo lilikwenda kwa njia nyingine. Mwaka 2015 nzi wa Afrika Kusini anayefanana na nyuki bunzi alipewa jina la kisayansi, Marleyimyia xylocopae, kwa kutegemea picha peke yake, bila sampuli yoyote iliyohifadhiwa. Waandishi wake hawakuvunja kanuni, lakini mwaka uliofuata wataalamu 493 waliweka majina yao kwenye andiko la kupinga utaratibu huo, wakisema picha hazitoshi kuwa msingi wa kuainisha viumbe. Nakubaliana nao. Mtu atakayetilia shaka jina hilo kesho hana mguu wa kuuhesabia vinyweleo wala kipande cha kupimia vinasaba. Ila waliopinga wakati ule walipinga picha kukalia kiti cha sampuli. Kushirikiana picha ni suala jingine kabisa, na ni kosa kuliazima pingamizi lao ili kuhalalisha kuzificha.

Sasa tuje kwenye mashine, maana ndizo zilizowasha moto huu. Mwaka 2016 watafiti wa PlantVillage, mradi wenye mizizi Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, walichapisha matokeo yaliyosambaa sana: programu iliyofunzwa kwa picha 54,306 za majani ya aina 14 za mazao iliweza kutambua magonjwa kwa usahihi wa asilimia 99.35. Namba hiyo imenukuliwa katika mawasilisho yasiyohesabika. Iliyonukuliwa kwa nadra sana ni ile ambayo waandishi hao hao waliitaja kwa uaminifu ndani ya makala hiyo hiyo: programu ilipopewa picha zilizopigwa katika mazingira tofauti, usahihi ulianguka hadi karibu asilimia 31. Baadaye mtafiti mwingine alichukua vinukta 8 tu vya picha (pikseli) kutoka mandhari iliyo nyuma ya jani kwenye picha hizo, mahali pasipo na ugonjwa wowote, akafunza programu kwa vinukta hivyo pekee, naye akapata usahihi wa asilimia 49. Kwa maneno mengine, sehemu ya kilichofunzwa ilikuwa meza na mwanga wa chumba cha kupigia picha. Majani yalichumwa, yakatandazwa juu ya mandhari moja, yakapigwa kundi kwa kundi. Mashine ikashika tofauti ya mandhari kana kwamba ni tofauti ya magonjwa.

Wanaotaka kuzifungia picha husoma hadithi hii kama ushahidi kwamba mashine hazifai, basi tusizilishe. Mimi naisoma kinyume. Programu ile ilikosa picha za shambani, za asubuhi na za jioni, za jani lililoliwa nusu, za kiwavi mdogo na kiwavi mkubwa, zilizopigwa kwa simu nzuri na simu mbovu, kutoka mikono mingi na nchi nyingi, kila moja ikiwa na maelezo yanayomwezesha mtu kukagua kama upande mmoja umeelemewa. Utajiri huo hauwezi kutengenezwa na kampuni moja wala taasisi moja. Hutoka kwa umma, na umma ukijifungia, programu zitaendelea kutengenezwa kwa picha duni, kisha zitapelekwa kwa wakulima vilevile. Anayepulizia dawa isiyohusika kwa sababu simu ilimdanganya hatapata faraja yoyote kwa kuwa picha zetu zilikuwa salama.

Hoja ya faida ya kibiashara nisiipite kwa wepesi. Mtu amejikunja saa nzima juani kumsubiri nyigu mwenye ukubwa wa punje ya mchele, na kampuni yenye mabilioni inachukua kazi hiyo bila hata kumtaja. Hilo linauma na ni haki kuuma. Jibu la kawaida limekuwa leseni inayokataza matumizi ya kibiashara, na ndiyo leseni ambayo iNaturalist huwapa watumiaji wasiochagua nyingine. Tatizo ni nani hasa anayezuiwa nayo. Hazina ya picha inayoihudumia Wikipedia haipokei picha zenye katazo hilo, kwa hiyo makala ambayo mwanafunzi atasoma kuhusu mdudu fulani inaweza kukosa picha ilhali picha nzuri ipo. Mchapishaji mdogo wa kitabu cha kilimo, ambaye lazima auze nakala ili alipe mtambo, hawezi kuitumia. Mwalimu anayeendesha kozi ya kulipia hana uhakika, na akikosa uhakika huacha. Kampuni kubwa ina wanasheria wa kubishana mahakamani kwamba kufunza mashine si kunakili. Ukuta huu basi humzuia asiye na uwezo wa kuupanda, na mwenye uwezo hupita juu yake. Leseni inayoruhusu kila matumizi kwa sharti la kumtaja mpiga picha ingelinda kitu ambacho wapiga picha wengi niliowasikia wanakidai kwanza: kutambuliwa. Na sharti hilo hulinda sayansi pia, kwa kuwa jina la mpiga picha ni mlango wa kumwuliza swali.

Hoja ya mahali ina uzito mkubwa kuliko zote, na nadhani ndiyo inayosemwa kwa sauti ndogo kuliko zote. Kuna wadudu wanaowindwa na wakusanyaji, na kutangaza kichaka walimo ni kuwaelekeza wawindaji. Hili lina tiba inayofanya kazi: iNaturalist huficha mahali halisi pa spishi zilizo hatarini na kuonyesha eneo lenye upana wa kilomita 20 hivi, na mtafiti mwenye sababu anaweza kuomba undani. Gumu zaidi ni la visumbufu vya mimea. Chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Hifadhi ya Mimea, nchi zina wajibu wa kutoa taarifa za visumbufu vinavyoweza kuleta hatari, na taarifa hizo zinaweza kufunga soko la zao zima. Mkulima aliyepiga picha ya mdudu asiyemjua anaweza kuamka na kukuta picha yake imegeuzwa ushahidi kwamba eneo lake limeambukizwa. Mwenye hofu hiyo simlaumu. Ila viwango vya mkataba huo vinasema wazi kwamba mwenye mamlaka ya kuamua kama kisumbufu kipo nchini ni taasisi ya taifa ya hifadhi ya mimea, baada ya kupima ubora wa kumbukumbu, aliyeitambua na njia aliyotumia. Picha tupu iliyozagaa ndiyo inayozua uvumi usiokanushika. Picha yenye maelezo hukagulika, na ikiwa si kweli, hukanushika. Busara ni kuwa na njia ya kupeleka picha ya namna hiyo kwa taasisi hiyo kwanza, kwa siri, kabla haijaenda kwa umma. Pasipo na njia hiyo, ijengwe.

Dhaifu kuliko zote ni hoja kwamba watu wa kawaida huchanganya wadudu, hueneza taharuki, na kwa hiyo kazi ya picha ibaki kwa wataalamu. Wanaoitoa hupenda kutaja nyigu mkubwa wa Asia, Vespa mandarinia, aliyeonekana jimboni Washington mwishoni mwa 2019. Ni kweli magazeti yalimbatiza majina ya kutisha, na ni kweli watu waliua nyuki na nyigu wasio na hatia wakidhani ni yeye, na picha za wadudu wengine zikamiminika kwa maelfu. Lakini mwezi Desemba 2024 mamlaka zilipotangaza kwamba nyigu huyo ametokomezwa Marekani, rekodi ilionyesha kuwa karibu nusu ya matukio yaliyothibitishwa jimboni humo yalitokana na taarifa za wananchi. Wataalamu wachache wasingeweza kuwa katika kila bustani. Tena waliokosea walikosea kwa sababu walipewa picha ya mdudu mmoja wa kutisha bila picha za wale wanaofanana naye zikiwa kando. Anayeona kosa hilo angedai picha zaidi, zilizopangwa vizuri zaidi, na angezidai hasa kwa wadudu marafiki wa mkulima: lava wa wale mbawakawa wekundu wenye madoa meusi, walao vidukari, hawafanani hata kidogo na wazazi wao, na huuawa mashambani na watu wanaodhani wanajilinda.

Hata hivyo, kutaka picha zaidi hakumaanishi kuzitegemea kwa kila kitu. Inzi weupe wanaoitwa kwa jina moja la Bemisia tabaci ni kundi la spishi zaidi ya 30 ambazo jicho haliwezi kuzitenganisha; vinasaba pekee ndivyo vinavyoweza. Vidung'ata wa muhogo waliposhambulia Afrika katika miaka ya 1970, watafutaji wa adui wao wa asili walianza kaskazini mwa Amerika ya Kusini kwenye vidung'ata waliofanana nao, na nyigu waliotolewa huko hawakufaa kitu. Walikuwa wakihangaika na spishi nyingine. Phenacoccus manihoti mwenyewe alipatikana Paraguay mwaka 1981, na nyigu mdogo aliyeletwa kutoka huko akageuza hali katika nchi nyingi. Picha bora duniani isingewaokoa na kosa lile. Lakini maelezo yanayosema wazi kwamba utambuzi umefanywa kwa kutazama picha tu yangemwonya msomaji asijenge mradi juu yake, na hilo pia ni sehemu ya maelezo ninayoyadai.

Katika utendaji, mambo ni ya kawaida kabisa. Anayepiga picha ya kiwavi kwenye mhindi apige kichwa kwa karibu, kwani kiwavijeshi vamizi hutambulika kwa alama ya Y iliyopinduliwa usoni, kisha apige madoa manne yaliyojipanga kama mraba karibu na mkia, kisha jani lililoliwa, kisha mmea mzima. Picha moja ya jani lenye matundu haisemi ni nani aliyekula. Kitu cha kuonyesha ukubwa kiwekwe kando. Aandike mmea, tarehe na mahali, na aandike pia asichokijua. Picha ikitumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, taarifa zilizofichwa ndani ya faili hupotea. Kwa hiyo maelezo yaandikwe chini yake kwa maneno, au faili itumwe kama hati. Wenye programu za kutambua wadudu wanapaswa kuonyesha picha walizofunzia mashine zao na nani aliyezithibitisha, na wataalamu wanaothibitisha, ambao wengi hufanya hivyo usiku bila malipo, wahesabiwe kazi hiyo wanapopimwa kazini.

Kuna hazina nyingine ambayo mjadala huu wa akili mnemba umeifunika. Vituo vya utafiti na vyuo vya kilimo vina masanduku ya slaidi na albamu za miongo iliyopita, zikionyesha wadudu gani walikuwa kwenye mazao gani kabla ya wavamizi wa sasa kufika. Nyingi hazijawahi kuskaniwa. Kuziskani ni kazi ya wiki chache kwa kijana mmoja na mashine ya bei nafuu. Lakini sehemu kubwa ya maelezo yake, yaani shamba gani, msimu gani, nani aliyemtambua mdudu, haikuandikwa popote. Imo vichwani mwa watu waliostaafu. Kazi ianzie kwao, mtu akae nao na sanduku mezani, slaidi moja baada ya nyingine, na iwe mwaka huu.